Hata Chawa

Siku ya kuniaga, ofisi ya mifugo ililetewa keki yenye picha ya ng'ombe, na ng'ombe huyo alikuwa na chuchu tano. Nimefanya kazi na watu hawa miaka thelathini na kitu, na hakuna hata mmoja aliyehesabu chuchu. Nilikula kipande changu bila kusema neno, maana siku ya kuagwa mtu hutakiwa kuwa mpole.

Hotuba zilikuwa nyingi. Kila aliyeshika maikrofoni alirudia ile hadithi ya pua yangu iliyookoa mtoto pale Nyaramba, na kila aliyeirudia aliiongezea chumvi, hadi mwishowe nikajisikia kama mbwa wa polisi. Kisha msimamizi akaniomba niwaandikie wenzangu wadogo kurasa chache kuhusu siri ya mafanikio yangu. Mafanikio sina siri yake. Siri niliyo nayo ni nyingine, na ni nusu ya pili ya hiyo hadithi ya pua. Nitaifikia. Kwanza nianze mwanzo, kama mtumishi wa serikali anavyotakiwa.

Nilianza kazi nikiwa na cheti cha msaidizi wa afya ya mifugo, gambuti mpya, na chupa ya manukato niliyopewa na shangazi yangu ili nisirudi nyumbani nikinuka samadi. Nilipangiwa josho moja la ng'ombe, mwendo mfupi kutoka Nyaramba. Asubuhi ya kwanza nilijipulizia manukato shingoni, kwenye mikono na, kwa usalama zaidi, kwenye koti. Nikasimama mlangoni mwa josho na daftari langu, nikimsubiri ng'ombe wa kwanza. Ng'ombe wa kwanza akafika, akanusa hewa, akanitazama, akageuka. Nyuma yake kulikuwa na ng'ombe wengine kama arobaini kwenye njia nyembamba, nao wakageuka pia. Ua wa mtu ulivunjika. Migomba ya mtu mwingine ililala chini.

Mhudumu wa josho aliitwa Mzee Nyangau. Alinitazama kwa huruma kidogo sana.

"Binti," akaniambia, "ng'ombe amesema uende nyumbani ukaoge."

"Kwani manukato yananuka vibaya, mzee?"

"Mimi sisikii harufu. Pua yangu ilikufa zamani. Lakini ng'ombe hana sababu ya kukudanganya."

Hilo ndilo somo langu la kwanza la kazi, na chuoni hawakulifundisha. Ng'ombe humjua mtu kwa harufu kabla ya kumjua kwa sura. Ukibadilisha harufu, umekuwa mtu mwingine, na mtu mwingine ni wa kukimbiwa. Nilioga, nikarudi keshoye nikinuka sabuni ya mche tu, na ng'ombe wakapita mbele yangu kama vile sipo.

Mzee Nyangau alinifundisha kazi yote ambayo cheti kilidai naijua. Kwa kuwa pua yake ilikuwa imekufa, aliazima yangu. Alinifanya ninuse maziwa, vidonda, pumzi ya ng'ombe, mkojo, nyasi zilizokatwa jana na zilizokatwa juzi. Pumzi yenye utamu kama matunda yaliyoiva sana maana yake ng'ombe aliyezaa juzi anajila mwenyewe kwa njaa. Maziwa yanayonuka mafuta ya taa maana yake mama mwenye nyumba anaweka ndoo kando ya stovu, na ataapa mbele ya Mungu kwamba ng'ombe ndiye mwenye makosa. Nyinyi sasa mna vipimo vya kila aina. Ni vizuri. Siku betri ikiisha, kumbukeni kwamba katikati ya uso mna kifaa ambacho hakihitaji chaji.

Jambo ambalo sikuliona, na nililiona kila siku, ni mikono ya Mzee Nyangau. Ilikuwa ikitetemeka. Alikuwa akipima ukali wa dawa ya josho kwa kuchovya kidole na kukigusisha ulimini, kama mpishi anayeonja mchuzi. Pipa la dawa lilikuwa na picha ya fuvu la kichwa na mifupa miwili, naye alikuwa akitundika shati lake juu ya hilo fuvu ili lisichafuke. Kijiji kilisema mikono inatetemeka kwa sababu ya chang'aa. Mzee alikuwa shemasi wa kanisa, mtu aliyekataa hata chai ya rangi ikiwa kali. Lakini kijiji kilisema ni chang'aa, na sisi wataalamu tukakubaliana na kijiji, kwa sababu kukubaliana hakuhitaji fomu. Alipostaafu alipewa redio ndogo na pipa moja tupu la dawa, akakingie maji ya mvua. Nilimsaidia kulibeba mpaka kwake. Nilibeba upande wa mbele na nilikuwa nikiimba.

Sasa niseme kuhusu hilo neno dawa, maana ndilo lililonila.

Katika Kiswahili chetu cha huku milimani, kila kitu kilicho ndani ya chupa ni dawa. Kuna dawa ya meno na dawa ya viatu. Kuna dawa ya mbu, dawa ya panya, dawa ya kwekwe, dawa ya kuweka nywele ziwe laini. Mgonjwa anapewa dawa ili apone na panya anapewa dawa ili afe, na wote wawili wanaipata kwenye duka moja, rafu moja, wakati mwingine kwa mkono mmoja. Ekegusii chetu hakisaidii. Tunasema eriogo, na eriogo nayo inatibu na inaua bila kubadilisha jina. Mtu akikuambia "nimepaka dawa", hujui kama umpe pole au umwite mchungaji.

Visa ni vingi. Keroka kulikuwa na mwenye lori aliyekuwa na mbwa mwenye ukurutu. Akampaka oili chafu ya injini kutoka masikioni hadi mkiani. Mbwa, kwa kuwa ni mbwa, akajilamba. Nilimkuta ametapika mpaka amebaki ngozi. Nikamuuliza mwenyewe kama angekunywa oili ya lori. Akaniambia, kwa utulivu kabisa, "Daktari, hiyo si mpya. Imefanya kazi mpaka Kericho na kurudi." Yaani oili ilikuwa imechoka, haikuwa na nguvu za kumdhuru mtu.

Kulikuwa na mama mmoja aliyependa usafi. Ng'ombe wake alizaa, naye akamwosha ndama papo hapo kwa sabuni ya unga yenye harufu ya maua, akamfuta kwa taulo, akampeleka kwa mama yake akiwa anang'aa. Mama yake akampiga teke. Akamrudisha, akapigwa tena. Tulishinda pale mchana kutwa tukimsugua ndama kwa chumvi na maziwa ya kwanza ya mama yake, na kwa nyasi zilizolowa maji ya uzazi, hadi yale maua yakafifia na ng'ombe akaanza kumlamba. Mwenye ng'ombe alilia. Mimi pia nililia kidogo, ingawa kwenye ripoti niliandika "tatizo limetatuliwa".

Na kulikuwa na afisa kutoka makao makuu aliyekuja kukagua mizinga ya nyuki ya kikundi fulani. Garini alikuwa amekula ndizi mbivu mbili, maana huku kwetu kumnyima mgeni ndizi ni matusi. Nyuki akiumia hutoa harufu ya kuwaita wenzake vitani, na harufu hiyo inakaribiana sana na ya ndizi mbivu. Nilijaribu kumwambia. Akanijibu kwamba ana shahada mbili. Nyuki hawakuziona. Ripoti yake ilisema kikundi hicho hakina ushirikiano.

Nilikuwa nikivicheka visa hivi. Nilivisimulia harusini. Niliamini watu wajinga ni wengine, na kwamba mimi ndiye niliyetumwa kuja kuwarekebisha. Shikeni hapo, tutarudi.

Majosho yalipokufa, moja baada ya jingine, kazi ya kuua kupe ikahamia nyumbani. Kila mtu akatakiwa awe na pampu ya mkono na chupa yake. Sisi tukatumwa kwenye mabaraza kushawishi watu. Mimi, bila kujisifu, nilikuwa hodari wa mabaraza. Nilijua kuwachekesha watu. Siku ya baraza la Nyaramba jua lilikuwa kali, watu walikuwa wamechoka na hotuba za chifu, na nikaona wananiponyoka. Nikainua chupa juu.

"Hii dawa," nikasema, "ni dawa kweli! Inaua kupe. Inaua viroboto. Inaua inzi. Inaua kila kitu chenye miguu zaidi ya minne!"

Wakacheka. Mbele kabisa, kwenye nyasi, alikuwa ameketi mama mmoja aliyeitwa Kwamboka. Akainua mkono.

"Hata chawa?"

"Hata chawa, mama!"

Makofi. Niliketi nikajipangusa jasho, nikajipongeza. Ndama wa huku hupata chawa wakati wa baridi, hasa wale wanaolala kwenye banda lenye matope, nami nilifurahi kumpata mfugaji anayejali jambo dogo namna hiyo. Haikunijia akilini kumuuliza chawa wa nani.

Wiki mbili baadaye niliumwa na mbwa ambaye mwenyewe aliniapia kwamba hang'ati. Nikaenda kwenye kituo cha afya kuchomwa sindano. Nimekaa kwenye benchi na mguu wangu, mara harufu ya josho ikapita mbele yangu. Siwezi kuikosea harufu hiyo, kali, ya mafuta ya taa yaliyochanganyika na kitunguu saumu kilichooza, inayokwama nyuma ya koo. Nilidhani ni mimi. Nilinusa koti langu, nikanusa mikono. Haikuwa mimi. Ilikuwa imepita ikiwa imebebwa ndani ya leso ya kujitanda, na aliyeibeba alikuwa Kwamboka.

Ndani ya leso alikuwa binti yake, Nyaboke, wa darasa la pili. Mwalimu alikuwa amemrudisha nyumbani kwa sababu ya chawa, na kumwambia asirudi darasani hadi kichwa kiwe safi. Hayo niliyajua baadaye. Wakati huo niliona miguu miwili midogo inarukaruka nje ya leso, nikaona mlango wa chumba cha daktari ukifunguliwa na kuachwa wazi.

Tabibu wa zamu alikuwa Odhiambo, mtu wa kando ya ziwa, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu sote. Ekegusii alijua salamu tu. Tuliokuwa kwenye benchi tulisikia kila kitu.

"Mama, mtoto amekula nini?"

"Hakuna kitu amekula, daktari. Nilipaka yeye dawa tu."

"Dawa gani?"

"Ya chawa."

"Hiyo haina neno," akasema Odhiambo, akaandika. Alifikiria ile chupa ndogo ya famasia, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angefikiria. Akamwinamia mtoto. "Nyaboke, unaumwa wapi? Nani amekuumiza?"

"Baba," mtoto akasema. Mate yalikuwa yakimtoka, sauti ilikuwa nzito. "Baba… omotwe."

"Omotwe ni nini?"

"Ni kichwa," mtu mmoja akasema kutoka kwenye benchi.

"Kumbe baba yake amempiga kichwani!" Odhiambo akasimama. "Mama, mume wako yuko wapi?"

"Iko Itumbe. Kwa kiwanda ya majani chai."

"Aitwe sasa hivi. Na chifu aambiwe."

Kwa Ekegusii, baba ni mama. Baba mzazi tunamwita tata. Mtoto alikuwa akimwita mama yake, na alikuwa akijibu swali sawasawa: mama, kichwani. Benchi zima lilijua hivyo. Hakuna aliyefungua mdomo, kwa sababu sisi ni watu wa heshima na hatumsahihishi mtu mwenye koti jeupe. Tungemwacha mtoto afe kwa heshima zetu zote. Kwamboka naye alikuwa ametajiwa chifu, akaogopa, akanyamaza.

Niliingia nikichechemea.

"Daktari, hebu nusa kichwa cha huyu mtoto."

"Ninuse?"

"Nusa tu."

Akanusa. Uso wake ukabadilika. "Kama mafuta ya taa."

"Hiyo ni dawa ya kupe. Hakupigwa na mtu. Amepakwa dawa ya ng'ombe, na nadhani bila maji." Nikamgeukia Kwamboka. "Uliweka maji kiasi gani?"

"Nikaweka hivyo hivyo," akasema kwa sauti ndogo. "Chawa ilikuwa nyingi."

Nilimfunua mtoto macho. Mboni zilikuwa zimesinyaa kama tundu la sindano. Jasho lilikuwa limelowesha sare yake, na nyama za mashavu zilikuwa zikicheza chini ya ngozi. Niliwahi kumwona ndama katika hali hiyo hiyo, aliyemwagiwa dawa isiyochanganywa. Ndama yule alikufa wakati nikitafuta ufunguo wa pikipiki.

Odhiambo hakupoteza muda kuona aibu, na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alitafuta atropini, ile inayovunja nguvu ya sumu hiyo, akaipata, akaanza kumchoma kidogo kidogo huku akihesabu mapigo ya moyo. Mimi na muuguzi tukavaa glavu, tukamkata mtoto nywele zote kwa mkasi wa bandeji, tukambeba hadi kwenye mfereji wa nje, tukamwosha kichwa juu ya beseni kwa sabuni ya mche. Mara ya kwanza maji yalitoka meupe kama maziwa. Mara ya pili nikanusa, bado. Tukaosha mara ya tatu. Maji yalikuwa baridi sana, ya kutoka mlimani, na mtoto alitetemeka, nami nilikuwa nikimwambia kwa lugha yetu kwamba yataisha, yataisha, ingawa sikujua kama yataisha. Nilikuwa nimeshakumbuka baraza. Nilikumbuka kati ya kuosha mara ya kwanza na ya pili. Mikono yangu iliendelea kuosha.

Baba mzazi alifika kutoka Itumbe akiwa bado na aproni ya kiwandani, ananukia majani ya chai, hajui ameitiwa nini. Alisimama ukutani. Hakuna aliyemweleza kwamba kwa dakika kadhaa alikuwa mshukiwa. Jua lilipokuwa likielekea kushuka, mapigo ya moyo yakatulia, mate yakakauka, na Nyaboke akafumbua macho na kuuliza nywele zake ziko wapi. Kwamboka aliketi sakafuni kwa kishindo.

Hapo ndipo hadithi ya hotuba huishia. Watu hupiga makofi na keki hukatwa. Nusu ya pili ni hii.

Odhiambo alirudi na faili. Alihitaji kuandika ilikuwaje. "Mama," akauliza, bila ukali, "nani alikuambia dawa ya ng'ombe inaweza kupakwa mtu?"

Kwamboka aliinua macho akanitazama. Hakutazama ukuta wala mume wake. Alinitazama mimi, nikiwa nimeshika beseni, nikamwona anakumbuka chupa iliyoinuliwa juu, na makofi.

"Hakuna mtu," akasema. "Ni mimi tu na ujinga yangu."

Odhiambo akaandika. Nilisimama karibu vya kutosha kusoma: ujinga wa mzazi. Nilikuwa na mdomo, ule ule wa mabaraza. Nilikwenda kumwaga maji ya beseni.

Mwezi uliofuata nilipewa barua ya pongezi kwa kuokoa maisha. Bado ninayo. Nimeiweka kwenye faili moja na cheti cha chanjo ya mbwa aliyeniuma, na kati yangu na mbwa huyo, mbwa ndiye aliyekuwa mwaminifu.

Tangu siku hiyo sikuitamka tena dawa ya kupe. Nilisema sumu ya kupe, sumu ya kwekwe, sumu ya panya. Wenye maduka ya mifugo walilalamika kwamba ninafukuza wateja. Watu wakaniita Mama Sumu, na watoto walinikimbia njiani. Chifu aliniuliza kama nina tatizo nyumbani. Nilikwenda kwa Mzee Nyangau kulitoboa lile pipa, nikakuta wajukuu zake wanakunywa maji yake kwa kata. Nililitoboa kwa shoka mbele yake. Mzee alikuwa hawezi tena kushika kikombe, lakini alinielewa. "Ungeniambia mapema," akasema, "ningeweka shati langu mahali pengine." Ninyi mnaobaki, igeni hilo neno sumu tu, msiige mengine. Mkulima akiwauliza "hata chawa?" msimjibu kabla ya kuuliza chawa wa nani, wako wapi, na wewe, mama, una watoto wangapi. Itawachukua dakika tano na hamtapigiwa makofi.

Hayo yote niliyafanya ili nisifanye jambo moja dogo. Nilisubiri hadi nistaafu, yaani hadi nisiwe na cha kupoteza, kisha nikajiita jasiri, nikaenda Nyaramba.

Kwamboka alikuwa uani, anachambua maharagwe kwenye ungo. Amezeeka vizuri kuliko mimi.

"Bwakire, Kwamboka."

"Daktari! Nani amekuambia ng'ombe yangu iko mgonjwa?"

"Hakuna. Mimi ndiye mgonjwa."

Nikamwambia. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu nyumbani, yakatoka yote ovyo. Hakuacha kuchambua.

"Mimi najua," akasema. "Nilikuwa nimekaa hapo mbele."

"Mbona hukunitaja?"

"Ningekutaja, wangekuhamisha. Na ng'ombe yangu ilikuwa na mimba."

Nilicheka, halafu nikashindwa kuacha, halafu haikuwa kicheko tena. Alinisubiri nimalize. Alitupa kijiwe kutoka kwenye ungo.

"Mimi hiyo maneno nilimaliza siku ile ile," akasema. "Lakini kichwa haikuwa yangu. Enda uambie mwenye kichwa."

Mwenye kichwa ana saluni Keroka, nyuma ya maduka ya barabarani. Harufu ya dawa ya nywele ilinipokea kabla ya mlango, ile kali inayotoa machozi, ambayo wanawake wa nchi hii huilipia. Lakini niliona madirisha mawili yamefunguliwa wazi, niliona glavu, na nilimwona Nyaboke akimpaka mteja tone moja nyuma ya sikio na kumwambia akae kwanza aone kama litamwasha. Mteja alikuwa akinung'unika kwamba saluni nyingine hazina mambo mengi. Nyaboke hakumsikiliza.

Hakunitambua. "Karibu, mama. Tuweke dawa ama rangi?"

"Niosheni tu."

Akanilaza kichwa kwenye sinki. Nikaona afadhali hivyo, kwa kuwa sioni uso wake. Nikamwambia nikiwa natazama dari: baraza, chupa, mama yake kuinua mkono, maneno mawili niliyojibu, na siku ile faili ilipoandikwa nikamwaga maji nikanyamaza. Mikono yake ilisimama kichwani mwangu.

"Mimi sikumbuki mengi," akasema. "Nakumbuka maji baridi, na mikono ya mtu. Mamangu aliniambia ni ya daktari wa ng'ombe."

"Ni yangu."

"Basi mikono naijua. Mdomo ndio nimekutana nao leo." Akanisukuma paji la uso, polepole. "Rudisha kichwa nyuma."

Akafungua mfereji. Aliniosha mara tatu. Maji yalikuwa baridi, na sikuuliza kama kuna ya moto.